Mikeka niliiacha asubuhi, siyo usiku

Walioniambia "jikaze kiume, acha kubeti" walinipotezea karibu miaka miwili. Mimi na kaka yangu tumenyonya ziwa moja, yeye anaweka mkeka wa buku Jumamosi, ukichanika anazima simu analala. Mimi asubuhi napita mbele ya kibanda cha kubeti wala sigeuki, ila ikifika saa moja usiku nimefunga duka hapa Majengo, nimeshinda nabishana bei na kumeza maneno ya wateja, kifuani sina kitu tena, nabeti mpaka hela ya mboga.

Nikachongesha kibubu cha mbao, nikamwambia fundi apige misumari ya inchi tatu, tundu lipitishe noti iliyokunjwa tu. Wiki tatu safi. Halafu usiku mmoja nikajikuta nimekaa sakafuni, tochi mdomoni, nachokonoa lile tundu kwa spoku ya baiskeli niliyoipinda ncha, inatoka elfu mbili, inatoka elfu tano, saa nzima jasho linanitiririka, kama laki na kitu hivi, hela ya ada. Asubuhi nikaona vumbi la mbao kwenye kucha, nikalia.

Kuna jaribio la Marekani la mwaka 1998, la kina Roy Baumeister, wenye njaa waliozuiwa biskuti za chokoleti wakapewa figili walikata tamaa mapema kwenye fumbo lisilo na jibu, ikasemwa nguvu ya kujizuia hupungua ukiitumia. Mwaka 2016 maabara 23 zikalipima wazo hilo na watu zaidi ya 2,000, kupungua huko karibu hakukuonekana. Na utafiti wa 2010 wa Veronika Job na wenzake ukaonyesha anayeamini nguvu inaisha ndiye anayeishiwa. Sawa, wabishane, mimi saa yangu naijua.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi, nikiwa bado mzima, natuma mauzo yote ya jana kwa mama yangu kule Mpwapwa. Nilimwambia, "Mama, nikikuomba hela usiku usinipe."

"Na ukiumwa je, mwanangu?"

"Nikiumwa atakupigia mkweo."

Halafu saa kumi nakula ugali na mlenda nikashiba kabisa, maana njaa na hasira vikikutana kwangu ni balaa, na hili hakuna aliyewahi kuniambia.

Mwezi wa tisa huu tangu nianze hivi. Juzi Jumamosi mechi zilikuwa nyingi, nilimpigia mama saa tatu usiku. Alikuwa ameshalala, simu kazima.