Vidole viwili

Yule aliyeniuzia vifaranga aliniambia "dada hawa miezi minne na nusu tu unaokota mayai", nami nikarudi nyumbani nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani pale jikoni, ikaangukia tarehe 20 Mei, nikaizungushia duara kwa peni nyekundu. Binti yangu akawa anaulizia duara lile kila siku kama sikukuu.

Tarehe 20 ikafika ikapita. Mitetea yangu 9 chotara wa Kuroiler (aina ya kuku wa nyama na mayai) na mmoja wa kienyeji, kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni, ambaye mama alinipa kutoka Kilosa, wote wazima, wanakula, wanafukua mchicha wangu, jioni wanapanda kichanja wanalala. Viota nilishatengeneza viwili kwa makreti ya soda nikatandika maranda, basi wakawa wanaingia humo kunya tu. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini naingia bandani na tochi ya simu, naangalia kila kona, natoka. Na gunia la chakula linaisha, unanunua lingine, ndo hapo roho inaanza kuuma.

Sasa mwisho wa Mei mambo yakabana kidogo, kuna hela ya shule ilikua inatakiwa, akapita mnunuzi wa kuku na baiskeli na tenga lake nikamwita. Nikamwonyesha wawili ambao niliona wananimalizia chakula. Akawaangalia, akawaacha. Akaingia mwenyewe akakamata mmoja, akamgeuza, akamgusa chini ya mkia kwa vidole, akamwachia, akakamata mwingine hivohivo, kama mara tano, mpaka akachagua wawili wenye vichwa vyekundu kuliko wenzao. Mi nilijua anatafuta walionona. Akanilipa bei ya kuku wa nyama, tena tukapatana vizuri tu, akaondoka.

Usiku namwambia mama kwenye simu, mama akanyamaza kidogo afu akauliza, "Ulikua umewapima?"

"Kuwapima nini mama?"

"Vidole, mwanangu. Mwenzio alikua anapima vidole."

Yaani nilikaa chini. Nimekulia kwenye nyumba yenye kuku, nimeokota mayai toka niko mdogo, lakini kupima alikua anapima mama usiku sisi tumelala, hakuna aliyenifundisha na mimi sikuwahi kuuliza. Akanielekeza palepale kwenye simu. Kuku jike ana vifupa viwili vyembamba vya nyonga, vimechongoka, viko chini ya mkia huku na huku ya tundu lake la nyuma. Tetea ambaye bado, vile vifupa vimebanana, kidole kimoja hakiingii vizuri katikati na ukivigusa ni vigumu. Akikaribia kutaga vinaachana na kulegea, vidole viwili vinakaa. Anayetaga kabisa vinaingia vitatu. Na tundu lenyewe angalia, akasema, la ambaye bado ni dogo, la duara, kavu, lina unjano, la aliyekaribia linakua pana kama limelala, lina unyevu na rangi imepauka.

Kesho yake saa moja usiku nikaingia bandani. Usiku ndo wakati mzuri maana wametulia kwenye kichanja hawahangaiki, unamshika mmoja unamlaza mkononi kichwa kikielekea nyuma yako, unapima taratibu bila kumminya tumbo, unamrudisha. Katika wanane waliobaki wawili walikua vidole viwili kamili, watano kidole kimoja na kitu, na kishingo wangu hata kimoja hakiingii. Wale wawili wa vidole viwili ni haohao niliotaka kumpa mnunuzi kwa kua wanakula sana! Kumbe kula sana ndo dalili yenyewe, mwili unajiandaa.

Toka siku ile nikaacha kuangalia kalenda nikaanza kuwaangalia wao. Upanga wa kichwani na ndevu zilikua na rangi ya waridi iliyofifia, ndani ya kama wiki mbili zikawa nyekundu kabisa na zimekua kubwa. Mmoja wa madoadoa nilipoinama kumwaga maji akachuchumaa ghafla mbele yangu, mabawa kayatanua, nikashtuka nikajua ni ugonjwa wa kideri huu umeingia, maana chanjo ya mwisho ilikua imekaribia miezi mitatu. Mama akacheka, akasema huyo ameshakua mwari, anachuchumaa kama anavyomchuchumalia jogoo. (Jogoo mimi sina, na yai halihitaji jogoo, jogoo anahitajika ukitaka vifaranga.) Afu sauti. Walikua wanalia vi vi vi vya kitoto, sasa wakaanza kile kilio kirefu cha kuzunguka zunguka, wanachungulia kwenye viota, wanatoka, wanarudi, wanatetea. Nilikua nasema "mtetea" miaka yote bila kusikia kwamba kutetea kumo humo ndani ya jina.

Kuna jambo nilikosea na nataka mwenye kuku wadogo alisikie. Kabla hata hawajachelewa nilikua nimeshaanza kuwapa chakula cha watagaji toka wiki ya 16, nikijua kitawaharakisha. Bwana mifugo wa mtaa alivyokuja kuchanja akanikataza kabisa. Chakula cha watagaji kina madini ya chokaa kama asilimia 3.5 mpaka 4, cha wanaokua ni karibu asilimia 1 tu, na tetea ambaye hajaanza kutengeneza maganda hana pa kuipeleka chokaa yote ile, inamlemea figo. Nikawarudisha kwenye growazi, hicho cha wanaokua, mpaka yai la kwanza, na pembeni nikaweka kopo la maganda ya konokono niliyotwanga, anayehitaji anadonoa mwenyewe. Na taa pia nilitaka kufunga kwa sababu niliona video wanasema kuku anahitaji mwanga saa 14 hadi 16, ila huko ni kwa wenzetu ambao majira ya baridi mchana unakua mfupi sana na kuku wanagoma. Hapa Morogoro mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata saa moja, wangu hawakua wanangoja taa.

Walikua wanangoja umri wao. Wale kuku wekundu wa mayai wa kibiashara ni kweli wiki ya 18 mpaka 20 unaokota, chotara hawa wa kwangu walihitaji mwezi zaidi, na wa kienyeji asilia miezi sita, saba, ni kawaida yao.

Tarehe 9 Juni asubuhi, wiki ya 22, yai. Halikua kwenye kiota, lilikua nyuma ya debe la maji, kwenye vumbi, dogo limejaa kwenye kiganja cha binti yangu, na lina mstari mwembamba wa damu kwenye ganda, jambo ambalo mama alishaniambia nisiogope kwa yai la kwanza. Bado lina joto. Binti alilishika kwa mikono miwili njia nzima mpaka jikoni. Keshokutwa yake likaja lingine halina ganda gumu, laini kama mfuko. Mama akasema tia jiwe jeupe la mviringo kwenye kila kiota waone pa kutagia, nikaokota mawili mto Ngerengere, na kwakweli toka hapo viota vinatumika.

Sasa wanataga watano. Lakini wale wawili wa kwenye tenga siwasahau. Aliyewahi kuchinja kuku aliyekaribia kutaga anajua unachokikuta ndani, viini vimepangana kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, mpaka punje. Kama yule mnunuzi aliwauza kwa mtu wa kufuga, basi kuna mtu saa hizi anaokota mayai yangu na nitafurahi. Ndo ninavyoomba iwe.

Kishingo nimempima jana usiku. Kidole kimoja, kimeingia vizuri safari hii, ingawa upanga bado umepauka. Nitampima tena Jumapili.