Jumapili ya Brigid, nikiwa kazini Kildare

Saa 12:30 asubuhi. Hapa Ayalandi bado giza totoro. Kabla sijavua koti, bibi ninayemtunza ananiuliza: kitambaa kipo? Kipo. Jana alinituma nikining'inize nje ya dirisha, maana usiku wa kuamkia Februari 1 Mtakatifu Brigid hupita akibariki nguo iliyoachwa nje. Wenyewe wanakiita brat Bríde. Kimelowa umande. Bibi anakikamua, anakiweka kwenye droo ya vidonge vya presha. Mwaka mzima, kichwa kikimgonga, anajifunga hicho kwanza, vidonge baadaye.

Saa 2. Kuoga, uji, dawa. Siku zote ni hivyo hivyo.

Saa 4. Namkokota na kiti chake cha magurudumu hadi kisimani Tully, nje kidogo ya mji, jirani na shamba la farasi la taifa. Watu wamejaa, kesho Jumatatu ni mapumziko ya kitaifa ya sikukuu hii, yaliyoanza 2023. (Mimi kesho nipo kazini.)

Ukifika, jicho linakwenda mtini kabla ya maji ya kisima: matawi yamevishwa vitambaa, rozari, hata soksi za watoto wachanga. Unachovya kitambaa, unapangusa panapouma, unakifunga. Kinavyooza ndivyo maradhi yanavyokwisha. Kwetu Tanga, mti wa namna hii ningeupitia mbali. Marehemu bibi yangu angesema hapo pana wenyewe.

Nimekuja na utepe wa zawadi. Bibi anaupapasa kwa kidole gumba.

"Nailoni hii! Itaoza lini? Goti langu lisubiri kiyama?"

Narudi garini. Nina kanga kuukuu ya pamba, ya kufutia vioo. Nachana kipande, kinatoka na herufi nne za jina la kanga: SUBI. Anauliza imeandikwa nini. Nusu ya subira, namwambia. Anacheka hadi anakohoa. Maji yanagandisha vidole. Nampangusa goti, nafunga. Kisha tunapitia yale mawe matano yaliyopangwa majanini, kila jiwe na sala yake, na yeye hana haraka hata kidogo.

Saa 7 mchana. Kwenye supu ananisimulia: Brigid aliomba ardhi ya kujenga nyumba ya watawa, mfalme wa Leinster akamnyima. Basi nipe itakayofunikwa na joho langu, akasema. Mfalme akakubali akicheka. Joho likatandazwa, likazidi kutanda hadi likafunika uwanda wote wa Curragh, pale wanapokimbiza farasi leo.

"Joho lenyewe la pamba?" namchokoza.

"Sufu," anajibu, kama aliyelishika.

Saa 11 jioni. Mgonjwa wangu wa pili, mzee mkimya. Chai, televisheni.

Saa 2 usiku. Narudi kumlaza bibi. Droo iko wazi, kitambaa cha dirishani amekifunga gotini, fundo mbili.

"Bibi, si tumeuachia mti?"

"Mti una subira. Mimi sina."