Hedifoni za mgongo wazi, kaseti za Mama na joto la kaskazi

Kaseti ziko arobaini na tatu, kwenye sanduku la bati alilokuja nalo Mama alipoolewa hapa Ngamiani, Tanga. Nyingine zilirekodiwa redioni, nyingine harusini kwa rekoda iliyowekwa juu ya kiti. Nataka zote ziingie kwenye kompyuta kabla mkanda haujaoza. Kila upande ni dakika thelathini au arobaini na tano, na kila upande lazima usikilizwe wote. Ndiyo maana mradi wa kaseti umezaa mradi mwingine ndani yake: kupata hedifoni ninazoweza kuvaa saa tatu mfululizo, Tanga, mwezi wa kwanza, feni ikizunguka hewa ile ile ya moto.

Hedifoni zangu za zamani zilikuwa za kufungwa, zile zenye kikombe kizima cha plastiki nyuma. Baada ya dakika ishirini sikio linatoka jasho, na ngozi bandia ya sponji ilishaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Tena nikizivaa simsikii Mama akiita, na Mama hapendi kuita mara mbili.

Za mgongo wazi ni kitu tofauti. Nyuma ya spika hakuna ukuta bali wavu, hewa inapita na sauti inatoka pande zote mbili. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndio walioanza kuziuza, mwaka 1968, kwa HD 414 yao yenye sponji za njano. Faida unaisikia mara moja: muziki haukai katikati ya kichwa kama umefungiwa, unakaa nje kidogo, na sikio linapumua. Hasara nayo ipo. Besi ya chini kabisa inapungua kwa sababu wimbi la mbele na la nyuma hukutana na kufutana, na aliye karibu nawe anasikia kila kitu. Kwangu hilo la pili si tatizo. Mama anapita akiwa na ungo mkononi na kuniambia wimbo huo aliuimba nani.

Kuchagua

Nilijaribu tatu kwa rafiki mwenye studio ndogo Chumbageni. Sennheiser HD 600 ndizo zilizonipendeza kwa sauti ya mwimbaji. Mwanamke akiimba unasikia mdomo unavyofunguka. Lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wangu. AKG K701 zina nafasi kubwa ya sikio, ila ule mkanda wa ngozi wa juu una vinundu, na baada ya nusu saa utosi uliniuma hasa. Ya tatu ilikuwa Beyerdynamic DT 990 Pro, ya omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme), iliyotengenezwa Heilbronn, Ujerumani. Sponji zake ni za mahameli, si ngozi. Uzito gramu 250 bila waya. Na karibu kila kipande kinabadilishika: sponji, kitambaa cha utosi, hata spika yenyewe. Kwa mtu wa pwani hilo la mwisho ndilo lililoamua. Chumvi ya bahari haimwachi mtu na kitu kizima, kwa hiyo nunua kile ambacho kikiharibika utakirudisha.

Nikapata za mtumba kutoka Dar, zikaletwa kwa basi.

Januari 4

Zimefika. Spika zote mbili zinalia, waya mzima. Sponji zimelala kama chapati. Nilipozitoa nikakuta ile sponji nyembamba ya duara inayofunika spika imegeuka unga. Ukiigusa inabaki kidoleni. Ni umri na unyevu. Nimeupuliza unga kwa upole, kisha nikaumalizia kwa brashi laini ya rangi, maana ukiingia ndani ya spika utakwaruza milele.

Januari 7

Nimepata sponji mpya za mahameli pamoja na zile za duara. Kuzivalisha kunataka subira: ukingo wa kitambaa unaingia kwenye mfereji unaozunguka kikombe, unaanza upande mmoja kisha unauzungusha kidogo kidogo kwa kucha hadi umalizike. Ukilazimisha, mshono unachanika.

Nilipima kwa rula kabla ya kutupa za zamani. Zilibaki milimita 12. Mpya zina 20 hivi. Milimita nane tu, lakini ni hedifoni nyingine kabisa. Sponji iliyolala inaileta spika karibu na sikio, na inaacha upenyo pembeni. Sauti ya zamani ilikuwa ya kuchoma, imebanwa, na sikio langu lilikuwa linagusa plastiki. Mpya zimefungua kila kitu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengi wanauza hedifoni nzuri wakidhani spika zimechoka, kumbe kilichochoka ni sponji. Anza hapo. Usiguse kingine chochote kabla ya hapo.

Januari 9 hadi 13: kubana

DT 990 zinabana. Upinde wake ni wa chuma chenye springi, na kichwa changu si chembamba. Dakika arobaini, taya linaanza kuuma, na miwani inanikata nyuma ya sikio.

Nilipima upana wa kichwa changu kutoka sikio hadi sikio: sentimita 16. Nikatafuta boksi la sentimita 19, nikalijaza vitabu lisibonyee, nikazivalisha hedifoni usiku kucha. Asubuhi zimelegea kidogo sana. Usiku wa pili, kidogo tena. Usiku wa tatu nikaongeza kitabu kimoja kila upande, na hapo nikapitiliza: nikiinama kuangalia kaseti zinateleza hadi puani. Ikabidi nizikunje kurudi ndani kwa mikono, taratibu, nikikumbuka kwamba waya mwembamba wa spika ya kulia unapita ndani ya upinde huo huo kutoka kikombe cha kushoto. Ukikunja mahali pamoja kwa nguvu, unaweza kuukata.

Kulegea kuna bei nyingine isiyoonekana. Nilicheza mlio wa besi wa Hz 40 (mitetemo arobaini kwa sekunde) peke yake, nikabonyeza vikombe kwa viganja: mlio ukapanda. Nikaachia: ukashuka. Nikavua miwani: ukapanda tena. Mikono ya miwani yangu ni mipana, inainua mahameli na kuacha mlango mdogo ambao besi inapitia. Jibu halikuwa kwenye hedifoni. Nimeifufua miwani yangu ya zamani yenye mikono ya waya mwembamba, ndiyo ninayovaa kazini sasa. Taya limepona, na gitaa la besi limerudi mahali pake. Taarabu ya Tanga ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star inabebwa na lile gitaa. Ukilipoteza, umebaki na nusu ya wimbo.

Januari 18

Siku ya huzuni. Nilikuwa nimeshasafisha pande kumi na mbili, nikipunguza mlio wa "sss" wa mkanda na kushusha sauti za juu hadi masikio yangu yatulie. Nikazicheza mbele ya Mama kwenye spika yake ya sebuleni. Akasikiliza nyimbo mbili, mikono mapajani. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mbona huyu anaimba kama yuko ndani ya kabati?"

Nikazisikiliza mwenyewe kwenye redio ya gari la jirani. Ni kweli. Zimefunikwa.

Kosa si la masikio ya Mama. DT 990 zinajulikana kwa kuwa na sauti za juu kali. Mimi nilikuwa napunguza ukali wa hedifoni nikidhani napunguza ukali wa kaseti. Kila kilichonichoma nilikikata kwenye rekodi, wakati kwenye rekodi hakikuwapo. Jambo moja limeniokoa: nakala ghafi nilizihifadhi zote, bila kuzigusa, kwenye diski ya pembeni.

Januari 19 hadi 26: kutuliza sauti za juu

Kwanza nilitaka kujua ukali uko wapi. Nilitengeneza mlio unaopanda polepole kutoka kHz 2 hadi 12 (kHz moja ni Hz elfu moja), nikausikiliza kwa sauti ya chini sana. Ulipanda sawasawa, halafu kati ya kHz 8 na 9 ukaruka kama mtu kakanyaga mwiba, kisha ukashuka. Nimerudia siku tatu tofauti, mahali ni pale pale. Kwa mtu mwingine namba inaweza kusogea, kwa sababu tundu la sikio na mkao wa kikombe vina sehemu yao katika mruko huo. Asinakili namba yangu. Apige mlio wake.

Halafu nikaanza kuweka vitu kati ya spika na sikio, chini ya sponji ya duara. Kitu kimoja kwa siku moja, wimbo ule ule, sauti kiasi kile kile.

Duara la kanga kuukuu, pamba iliyofuliwa mara mia: ukali ukaisha, lakini na uhai ukaisha. Kayamba likawa mchanga uliolowa. Kitambaa hakichagui. Kinashusha kila kitu cha juu, wakati mruko wangu ni mwembamba.

Plasta ya karatasi ya duka la dawa, niliibandika kwenye wavu wa nje. Kumbe nilikuwa nafunga pumzi ya nyuma, na besi ikavimba na kupoteza umbo. Nimeibandua jioni ile ile.

Karatasi laini ya chooni, tabaka moja lililobanduliwa kutoka kwenye jozi: hii ilikaribia. "Sss" ilitulia bila mwimbaji kurudi kabatini. Tatizo likawa usawa. Nilicheza rekodi ya sauti moja pande zote mbili, ambayo inapaswa kukaa katikati ya paji la uso, na mwimbaji akaelea kushoto. Karatasi ya kulia ilikuwa na mkunjo. Nikaikata upya, akarudi katikati. Siku mbili baadaye unyevu ukaijongeza, akaelea tena. Pwani yetu haitaki karatasi.

Mwishowe nimeondoa vyote. Imebaki sponji mpya ya duara peke yake, na kazi nimeipa kompyuta. Natumia Equalizer APO, programu ya bure ya Windows: kichujio kimoja tu, kHz 8.4, kushusha desibeli 5 (kipimo cha ukubwa wa sauti), chembamba. Nilipokiwasha nikapiga ule mlio unaopanda, mwiba haukuwapo. Muhimu, kichujio hiki kinakaa kwenye usikilizaji, hakiingii kwenye faili. Faili inabaki kama mkanda ulivyotoa.

Kuna sehemu moja ya kazi ambapo nakizima kwa makusudi. Kichwa cha deki ya kaseti, kile kinachosoma mkanda, kina skrubu ndogo inayokilaza au kukisimamisha, na kila kaseti ilirekodiwa kwa mashine yake. Pembe zisipolingana, sauti za juu zinapotea. Naunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, nazungusha skrubu nywele kwa nywele hadi kayamba ling'are, nasimama hapo. Kwa kazi hii ule ukali wa DT 990 ni msaada mkubwa. Unanionyesha kilele ambacho hedifoni tulivu zingekipita.

Februari 2

Nguvu. Omu 250 zinataka volti zaidi ya zile ambazo tundu la laptopu yangu linatoa, na kaseti za harusini zilirekodiwa chini. Hesabu yenyewe si ngumu: volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4, na hedifoni hizi zinatoa desibeli 96 kwa miliwati moja, kwa hiyo takriban 102. Kwa rekodi iliyojaa inatosha kabisa. Kwa sauti ya bibi harusi iliyonaswa kutoka mita sita, haitoshi. Natumia tundu la hedifoni la kifaa cha kurekodia, lina nguvu zaidi. Najichunga nalo. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa arobaini kwa wiki, na kila desibeli 3 zaidi zinakata muda huo nusu. Masikio haya hayana sponji za akiba.

Waya wa kujizungusha ni mzito, unavuta kikombe cha kushoto. Nimeubana kwenye ukosi wa shati kwa kibanio cha nguo. Yamekwisha.

Februari 11

Zile pande kumi na mbili nimezifanya upya kutoka nakala ghafi. "Sss" nimeipunguza kidogo tu, nimeacha iwepo. Mama akaja mwenyewe mezani, akavuta kiti. "Nipe hayo madude yako."

Nilimvalisha juu ya mtandio. Mikono ya upinde ikabidi niishushe meno mawili zaidi ya yangu, na mtandio ukala besi kidogo, kama miwani ilivyokuwa ikila yangu. Hakulalamika. Alifumba macho. Ilikuwa kaseti ya harusi, vigelegele vimejaa, na kati ya beti mbili kuna mwanamke anacheka mbali kidogo na rekoda. Nimekisikia kile kicheko mara ishirini, nikakaribia kukikata nikidhani ni uchafu.

"Rudisha nyuma," alisema. Nikarudisha.

"Tena."

Ni shangazi, dada yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Sikuwahi kuisikia sauti yake.

Nimeweka alama mbili za kalamu nyeupe kwenye upinde, ya Mama na yangu. Kesho upande wa kumi na tatu.