Begi la Pili

Jumapili, usiku.

Miguu inaniuma kwa kusimama. Jana tulianza saa moja na nusu asubuhi, watu wanne, shindano la kawaida la klabu la mwisho wa mwezi, na mpira wa mwisho ukaingia shimo la 18 saa saba kasoro dakika kumi mchana. Nimepiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Raundi moja ya gofu, saa tano na dakika ishirini. Uwanja ni uleule niliokuwa nikibebea watu fimbo nikiwa kidato cha pili, enzi ambazo kundi likizidi saa nne lilikuwa linaulizwa na kapteni lilikuwa limepotelea wapi.

Lakini miguu yangu itapona. Anayenifanya niandike haya ni mzee aliyenibebea begi.

Ni yeye aliyenifundisha kubeba begi bila fimbo kugongana, kusimama mahali ambapo kivuli changu hakimwangukii mchezaji, na kuufuata mpira kwa macho mpaka utue. Mimi nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikarudi klabuni kama mwanachama. Yeye bado yuko kwenye banda la makedi, yaani wabeba mabegi ya wachezaji, na nambari yake mgongoni, na kila Jumamosi ananibebea. Ananiita Mwalimu. Mimi namwita Mzee, na sijawahi kumwita kwa jina.

Kedi halipwi kwa saa. Hulipwa kwa raundi, iwe imechukua saa tatu na nusu au saa sita. Kwa hiyo Jumamosi ya kedi ina hesabu moja tu: je, kuna begi la pili? Begi la kwanza ni nauli, unga na sukari. Begi la pili ndilo karo, ndilo kodi ya nyumba. Jana Mzee alikuwa na begi la pili tayari, mteja wake wa miaka mingi, wa saa sita na robo. Tungemaliza kwa saa nne angepata muda wa kunywa chai na kunawa uso.

Tulikwama shimo la saba. Kundi la mbele yetu lilikuwa kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, na kijana mmoja alikuwa anajiandaa kuusukuma mpira uliokuwa hatua nne kutoka shimoni. Alichuchumaa nyuma ya mpira. Akazunguka upande wa pili wa shimo, akachuchumaa tena. Akarudi, akapanua miguu juu ya mstari ili ahisi mteremko kwa nyayo, akafumba jicho moja na kuinua vidole viwili mbele ya uso. Akamwita kedi wake, wakanong'onezana. Akaugeuza mpira ili alama aliyoichora ielekee anapotaka. Hakuridhika, akaugeuza tena. Akajaribu mkwaju hewani mara tatu, akasimama juu ya mpira, akaondoka, akaanza upya. Alipoupiga hatimaye, ukapita kando ya shimo. Wenzake watatu walikuwa wamesimama tu wakimngojea, na mmoja wao alipofikiwa na zamu yake ndipo alipoanza kuchuchumaa.

Nikageuka kumtazama Mzee. Alikuwa ameinua kichwa. Nilidhani anapima upepo. Alikuwa anatazama jua.

Tulipomaliza, kedimasta, yule anayewapangia makedi kazi, alikuwa ameshampa mtu mwingine lile begi. Hakuna wa kumlaumu, mteja hawezi kusimama kwenye tii ya kwanza, pale raundi inapoanzia, nusu saa nzima. Mzee alizifuta fimbo zangu moja moja, polepole, akazipanga, akasema, "Asante Mwalimu, Mungu akipenda wiki ijayo." Hakuongeza neno.

Yule kijana nilimkuta karibu na magari. Nilimfundisha kidato cha nne, ni mtoto mwenye adabu, akavua kofia kunisalimia. Nikamuuliza yale ya shimo la saba alijifunzia wapi. Hakuona haya, kwani hakuna aliyewahi kumwambia kuna ubaya. Akatoa simu akanionyesha video za wachezaji wa kulipwa, moja baada ya nyingine. "Nafuata wanavyofanya wao, Mwalimu. Na haraka haraka haina baraka." Mzee alikuwa anapita na kitambaa chake begani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akaendelea na safari yake.

Nimelala na maneno hayo.

Maana kijana hakudanganya. Sisi wachezaji wa kawaida tumejifunza gofu kwenye televisheni, na televisheni imetufundisha hata yasiyofaa. Nakumbuka Januari 2018, mashindano ya Torrey Pines kule California. Shimo la mwisho, siku ya mwisho, Mmarekani J.B. Holmes alikaa zaidi ya dakika nne akiwaza mkwaju wake wa pili: upepo, bwawa lililo mbele ya grini, fimbo gani. Muda wote huo Alex Noren wa Uswidi, aliyekuwa na nafasi ya kushinda, amesimama pembeni akipoa. Baada ya dakika zile nne Holmes akaupiga mpira mfupi kwa tahadhari, mkwaju ambao hata mimi ningeweza kuupiga. Noren akamaliza sawa na Jason Day wa Australia, wakalazimika kucheza mashimo ya ziada, giza likawakuta wakiwa bado sawa, na Day akashinda Jumatatu asubuhi.

Mwaka uliofuata Holmes huyohuyo alishinda kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Nilikesha kuitazama ile raundi ya mwisho. Nililalamika juu ya mwendo wake wa polepole kama wengine waliokuwa wakilalamika dunia nzima, lakini alinyanyua kikombe, na kikombe ndicho kinachobaki machoni mwa kijana. Kuna jambo dogo hapa linalonigusa: nyasi za Riviera ni kikuyu, nyasi hizihizi za nyanda zetu za juu, zilizopelekwa California karne iliyopita kuzuia mmomonyoko wa udongo. Sisi tuliwapa nyasi. Wao wameturudishia dakika nne za kusimama juu ya mpira.

Na sheria ipo, hilo ndilo linalouma. Tangu Januari 2019 kanuni za gofu zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 mtu anapofika zamu yake, muda wa kutafuta mpira umepunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3, na watu wanahimizwa kupiga kila aliye tayari badala ya kusubiriana kwa heshima. Lakini kwenye PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, tangu mtu aadhibiwe kwa kuongezewa mkwaju mmoja (na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi) kwa kuchelewa mwaka 1995, ilipita miaka 22 kabla ya adhabu nyingine, mwaka 2017. Faini za pesa zilikuwapo, lakini mtu anayewania mamilioni ya dola hatikiswi na faini. Katikati ya ukimya huo wote, kwenye Masters ya mwaka 2013, shindano kubwa lisilosimamiwa na PGA Tour, aliyeadhibiwa alikuwa Guan Tianlang, mtoto wa Kichina wa miaka 14, aliyecheza vizuri kuliko watu wazima wengi waliokuwa pale. Alikubali mkwaju wake wa adhabu bila kelele. Nilijivunia yule mtoto kama wa darasani kwangu, na nilisikitika kwamba fimbo ya sheria ilimpata aliye mdogo kuliko wote.

Wanawake wamekuwa wakali zaidi. Mwishoni mwa 2024 Charley Hull wa Uingereza alisema wazi kwamba anayerudia kuchelewa mara tatu anyang'anywe kadi ya kucheza, yaani kibali chake cha kushiriki mashindano. Mwaka 2025 LPGA, chama cha wanawake wa kulipwa cha Marekani, ikaweka utaratibu ambao ukizidisha muda wako kwa sekunde 1 hadi 5 ni faini, 6 hadi 15 ni mkwaju mmoja, 16 na kuendelea ni mikwaju miwili. Na kwamba inawezekana, tulishaonyeshwa Austria, Juni 2018: shindano zima la wanaume wa kulipwa la Ulaya lilichezwa kwa saa ya kuhesabu sekunde 40, au 50 kwa anayepiga kwanza, gari lenye saa likifuata kila kundi. Raundi zilifupika, na adhabu zilizotolewa siku zote nne zilikuwa 4 tu. Watu wale wale, vichwa vile vile. Ilitosha kujua kwamba kuna anayehesabu.

Nilichomweleza kijana jana, pale kwenye magari, ni hesabu. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya kadi yangu ya matokeo. Wachezaji wa kulipwa huwa watatu siku mbili za kwanza, na mara nyingi wawili siku za mwisho. Kila mmoja anapiga mikwaju 70 hivi. Kuna watu wamewekwa kandokando kuutazama mpira unapoanguka, na umati wa watazamaji juu yake. Sisi tuko wanne. Kila mmoja wetu anapiga 90 akibahatika. Hiyo ni mikwaju 360. Ukiongeza sekunde 10 tu kwa kila mkwaju, huku wengine wote wamesimama wakisubiri, umeongeza sekunde 3,600. Saa nzima.

Aliitazama ile kadi muda mrefu. Akasema, "Sekunde kumi tu, Mwalimu?" Sekunde kumi tu.

Kuna na jambo la jua ambalo wazungu waliotuletea mchezo huu hawakuwa nalo kwao. Mwezi wa Juni Uskoti kuna mwanga hata saa nne za usiku, mtu anaweza kuanza raundi baada ya kazi na akamaliza. Hapa Ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari na Julai, na halitoi nyongeza. Dakika zinazopotezwa na makundi ya asubuhi zinamfikia mtu wa jioni zikiwa zimekuwa giza. Nimewaona akina mama wa kundi la mwisho wakimaliza shimo la 17 kwa taa ya simu, na makedi wao wakitafuta njia ya kurudi nyumbani gizani.

Mwaka ambao nilikwenda Muthaiga kuangalia Kenya Open nilisimama kando ya kamba, nikaona kitu ambacho televisheni huwa haionyeshi. Mwenzake anapopiga, mchezaji na kedi wake tayari wako kazini: umbali umeshapimwa, upepo umeshajadiliwa, glovu imeshavaliwa. Wengi wao, zamu ikifika, wanapiga na kuondoka. Kamera haiwafuati hao. Kamera inamngojea anayeongoza, kwenye shimo la mwisho, mkwaju wa mwisho, pesa zote zikiwa mezani. Kijana wetu ameokota ile dakika moja ya mwaka mzima, akaifanya desturi yake ya kila shimo, Jumamosi ya kawaida, akiwania kikombe cha bati.

Basi leo asubuhi nikaamua kuanza na mimi mwenyewe. Nilikwenda klabuni mapema, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mashimo tisa tu, mimi na rafiki mmoja. Nikavua saa yangu nikampa Mzee. Nikamwomba ahesabu kila mkwaju tangu ninapofika kwenye mpira mpaka ninapoupiga, na asinionee huruma. Alikataa kwanza. "Mwalimu, mimi siwezi kukuhesabu wewe." Nikamwambia alinihesabu nikiwa na miaka kumi na sita, sasa amechoka vipi? Akacheka, akaivaa saa.

Shimo la pili, kwenye grini, aliniambia: hamsini na nane. La nne: sitini na tano. Nilisimama pale nikihisi uso unapata joto. Kumbe nachuchumaa pande zote mbili. Kumbe nami nina mikwaju yangu mitatu ya hewani. Miaka yote hii sijawahi kujiona, nilikuwa nikiwaona wa mbele yangu tu, na wale wa nyuma yangu sikuwahi kuwageukia.

Shimo la tano nilianza kusoma mteremko nikiwa bado natembea. La sita, rafiki yangu akiwa anarekebisha mchanga wa banka, ule mtego wa mchanga, nilipiga bila kumsubiri, na yeye hakuona vibaya. Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Ishirini na sita. Mikwaju yangu haikuwa bora wala mibaya kuliko jana.

Tulimaliza saa mbili na nusu, jua bado laini. Mzee alinirudishia saa akiwa ameshaifuta kioo kwa kitambaa. Nimeandika barua kwa kapteni jioni hii: nimeomba mtu wa kusimamia mwendo kwenye shimo la tisa kila Jumamosi, na muda wa raundi ubandikwe kwenye tii ya kwanza pamoja na nambari za makedi waliopangiwa begi la pili, ili kila anayeanza ajue nani anasubiriwa wapi. Nitaipeleka kesho kabla ya shule.

Nilikuwa bado nafunga viatu pale kwenye ngazi niliposikia kedimasta akiita nambari ya Mzee. Alikuwa amekaa, kikombe cha chai mkononi, hakijafika nusu. Akakiweka chini ya benchi, akakifunika kwa kisahani, akaenda kulichukua begi.