Benoni, Aliyeitwa Benyamini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu maziko ya juma hili, ya mama aliyefariki akijifungua, nimeshindwa kuondoka katika Mwanzo 35. Kule msibani nilimsikia mtu mzima, tena mshirika wetu, akisema kwamba kichanga aliyebaki amekuja kumwondoa mama yake, na waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Neno kama hilo ni jina tayari, hata lisipoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Raheli, mke wa Yakobo, alikuwa njiani kutoka Betheli kwenda Efrathi, ndiyo Bethlehemu, utungu ulipomzidi. Ndiye aliyewahi kumwambia Yakobo, "Nipe wana, kama sivyo, nitakufa mimi," na alipomzaa Yusufu akamwomba BWANA amwongezee mwana mwingine. Mzalisha akamwambia asiogope, kwa kuwa anazaa mtoto wa kiume. Biblia haisemi kwamba alijibu. Roho yake ilipokuwa ikitoka, akamwita mtoto Benoni; lakini Yakobo, baba yake, akamwita Benyamini. Kwa Kiebrania "ben" ni mwana, na "oni" kwa kawaida hufasiriwa kuwa uchungu wangu au maombolezo yangu. Hata hivyo, neno lenye umbo hilo hilo ndilo Yakobo alilotumia alipomwita Reubeni mwanzo wa nguvu zake, na kwa sababu hiyo Ramban, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 13, aliona kwamba baba hakulifuta jina alilotoa mama, bali alilielekeza upande wake wa nguvu. Benyamini ni mwana wa mkono wa kuume. Kwa kuwa Waebrania walitaja pande za dunia wakielekea maawio ya jua, kuume ni kusini pia, na ndugu zake wote walikuwa wamezaliwa Padan-aramu, kaskazini, yeye peke yake akazaliwa Kanaani.

Mimi simlaumu Raheli, maana aliyeonja mauti ana haki ya kuyataja. Yakobo naye hakumkemea, wala hakujifanya hajafiwa: alisimamisha nguzo juu ya kaburi, na alipokuwa mzee huko Misri bado alimsimulia Yusufu kifo kile cha njiani. Alichokataa ni mtoto kubebeshwa deni la kifo hicho. Na huyu ni mtu aliyemtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akaiona kama siku chache, kisha akaongeza mingine 7.

Enyi akina baba mliofiwa na wake zenu katika uzazi, nasema nanyi kwa upole, ila nasema. Najua jinsi ilivyo rahisi kumpeleka mtoto kwa bibi yake, ukatuma fedha za maziwa kila mwezi, na wewe mwenyewe usionekane kwa sababu ana macho ya mama yake. Nenda ukampakate, uchungu ukiwapo, na umwite jina kwa kinywa chako mwenyewe, kwa maana bibi atampa uji na kumfunika, lakini nafasi ya mkono wa kuume wa baba ni baba anayeitoa. Miaka mingi baadaye Yuda aliweza kushuhudia kwamba roho ya Yakobo imeshikamana na roho ya kijana huyu. Nanyi mawifi na mashangazi, komeni. Mama zetu wengi hufa kwa kuvuja damu, au kwa gari lililochelewa kufika. Kichanga hajaua mtu, na kumwimbia wimbo huo mpaka aote meno ni dhambi ya kutubiwa, hata kama tumeizoea.

Wala asitokee mtu wa kuwatisha akina Shida, Tabu na Masumbuko waliomo kanisani kwamba majina yao yamewafunga na kwamba lazima waombewe kwa malipo. Jina la Benyamini halikuwa hirizi: wazawa wake walifanya uovu Gibea hata wakasalia wanaume 600 tu katika mwamba wa Rimoni. Yabesi naye aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni; akamwomba Mungu wa Israeli ambariki, na Mungu akamjalia aliyoyaomba, angali akiitwa Yabesi.