Jitafutie na yako

Ni Jumapili, saa nne usiku, nguo za kesho nishapiga pasi na bado naskia kichwani sauti ya Madam, mkuu wangu pale shirikani ninakoandika maombi ya ufadhili. Tangu Jumanne. Nimepanda nayo matatu za Kondele hapa Kisumu, nimeosha nayo vyombo, hata leo sokoni Kibuye mama wa omena ameniuliza mara mbili nataka ya ngapi nikabaki nimemkodolea macho tu.

Ilikuwa hivi. Kontrakti yangu inaisha mwezi ujao, na barua ya kuongezewa muda ikaja na miezi sita, mshahara ule ule wa 68,000 mnaoujua, SHIF ya bima ya afya inachukua 1,870, tozo ya nyumba 1,020, halafu PAYE ya kodi na NSSF ya uzeeni nao waje wakitabasamu. Nikajikaza nikaingia kwake. Nikamwambia Madam, huu ni mwaka wa tatu sijaongezwa hata shilingi, na ile pesa ya visima ni mimi niliyeiandikia ombi mpaka ikaingia. Alikuwa anakoroga chai. Hakuinua macho. Akasema, "Kwani si wewe ndiye mtafuta pesa hapa? Jitafutie na yako."

Na mimi nikacheka! Hapo ndipo panaponiuma. Nikacheka, nikasema sawa Madam, nikafunga mlango polepole kama mtu anatoka kwa wagonjwa.

Jumatano nikioga nikapata jibu zuri sana. Alhamisi nikapata lingine kali zaidi, hiyo siku ndo kaka alipata mtoto, msichana, na ofisi yetu ya Busia ikafungwa rasmi. Ijumaa nikapata la tatu, hilo siwezi kuliandika hapa kwa sababu shangazi anasoma.

Shida ni kwamba hakuna anayetaka kumlipa mtafuta pesa. Mfadhili atalipia kisima, atalipia nesi, hata pikipiki ya mhamasishaji na mafuta yake, lakini yule aliyekesha mpaka saa saba akipanga bajeti ikubaliane, huyo anakula kile kiasilimia cha gharama za ofisi, anagawana na umeme na askari wa geti. Na hicho nacho tulikuwa tumeanza kufurahia, maana Oktoba 2024 Marekani walipandisha kile cha mashirika yasiyo na makubaliano maalum nao kuhusu gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15. Haikufika hata miezi minne, Januari 2025 wakasimamisha misaada yao ya maendeleo nchi za nje siku 90, na wengine wetu hizo siku 90 hazijawahi kuisha.

Wenzangu wa miradi angalau wanapanda. Leo afisa, kesho meneja, kesho kutwa yuko Nairobi anatuma picha za barabara ya Westlands. Ngazi yangu mimi ina vipandio viwili, afisa halafu mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo ni Madam, ana miaka arobaini na nne na anakimbia kila asubuhi.

Sasa jana nikaenda Mumias, kulikuwa na mchango wa karo ya mtoto wa mama mdogo, ameitwa KMTC, kile chuo cha afya. Mama ndiye mweka hazina kama kawaida. Yeye siku zote anaamini mimi ofisini nachukua kamisheni, nimemweleza mpaka nimechoka kwamba kanuni za kazi hii zinakataza kulipwa asilimia ya kile umeleta, ananiangalia kama ninamficha kitu. Basi nikamsimulia ya Madam, nikitegemea anionee huruma. Akanyamaza kidogo, akanisukumia daftari lake, lile la mraba mraba, akauliza, "Na wewe kwa hesabu zako umejiandika wapi?"

Nikaangalia. Juu kabisa, kalamu nyekundu, namba moja ni yeye mwenyewe, 2,000, ndio wanaofuata waone haya kuandika mia mbili. Na chini kabisa, bila aibu yoyote, "nauli na chai ya mweka hazina, 600".

Mia sita! Miaka yote hiyo!

Nilicheka mpaka mama mdogo akatoka jikoni. Na kwa matatu nikirudi nikafungua ile bajeti ya ombi letu kwa wafadhili Wajerumani, inayotakiwa kutumwa kesho saa sita. Kuandika ombi hawalipii, hilo najua, lakini ripoti zao na kufuatilia matumizi yao wanalipia, na ni nani huzifanya kama si mimi? Nikaongeza mstari mmoja. Afisa wa ufadhili, robo ya muda wake, na huo muda nikaupigia kwa mshahara wa 85,000, si 68,000. Inakuja 21,250 kwa mwezi. Nimeusoma huo mstari kama mara kumi, nimeubadilisha rangi, nimeurudisha.

Madam lazima aipitie kwanza asubuhi. Akiuliza nitamwambia nilijitafutia, kama alivyosema. Ama nitacheka tena, sijui, mimi najijua.

Lakini paka wangu Kadogo hajarudi tangu Ijumaa. Nimemwekea vichwa vya omena mlangoni, viko vile vile, na mvua imeanza kunyesha upande wa Nyalenda. Yule jirani wa chini alishasema siku moja atamwekea sumu, nilidhani ni utani.