Lokdauni ya Uganda: saiti ruksa, duka la vifaa limefungwa

Watu bado wananiuliza eti mwaka 2020 ujenzi Uganda ulipigwa marufuku wote, hapana jamani. Rais Museveni alipotangaza lokdauni ya korona tarehe 30 Machi alisema saiti zinaweza kuendelea ila mwajiri awaweke wafanyakazi kambini hapohapo siku 14, hakuna kwenda nyumbani jioni.

Sasa hebu piga hesabu: kampuni kubwa ina kontena, jiko, choo na hela ya posho, hiyo itaweza, lakini fundi anayejenga vyumba viwili vya mtu pale Kawempe, Kampala, na vibarua watatu atawalaza wapi, juu ya mchanga? Na hata ukiwalaza, maduka ya vifaa vya ujenzi nayo yalikuwa kwenye orodha ya kufungwa, kwahiyo simenti ikikuishia ndo basi, mnakaa mnaangaliana na nondo zenu zinashika kutu.

Hardware, yaani hayo maduka ya vifaa, zilikuja kuruhusiwa mwezi wa tano, pamoja na gereji na karakana za mbao na vyuma. Kwa maoni yangu zingeachwa wazi tangu mwanzo, hata kwa kuuzia dirishani tu.